OraQuick, kipimo cha VVU cha fizi: kizuri, ukikipa muda wake

Wengi wanaokinunua kwenye kemisti za Nairobi husukumwa na dalili: homa, koo kuuma, vipele mwilini, tezi kuvimba shingoni. Dalili hizo hutokea kweli kwa baadhi ya watu, wiki 2 hadi 4 baada ya kuambukizwa. Lakini mafua na malaria huja na mengi ya hayo, na wapo wenye VVU wasioona dalili yoyote kwa miaka. Tena, wiki hizo za homa ndizo ambazo OraQuick inaweza kukosa kuona kitu. Kipimo hiki hakitafuti kirusi bali kingamwili, yaani askari ambao mwili hutengeneza kupambana nacho, na huenda zikachukua hadi miezi 3 kufikia kiwango kinachoonekana. Ukijipima mapema na usione kitu, rudia miezi 3 ikitimia. Na kama hayajapita saa 72 tangu ulipojihatarisha, achana na kemisti, kimbia hospitali ukaanzishiwe PEP, dawa za siku 28 za kuzuia VVU visikushike.

Matumizi ni rahisi, ila mpangilio ni muhimu. Usile wala kunywa dakika 15 kabla. Ukipiga mswaki, subiri 30. Fungua kwanza kichupa cha maji na ukisimamishe kwenye kishikilio chake, kwa sababu maji yakimwagika boksi zima limeharibika. Kisha pitisha pedi iliyo kwenye ncha ya kipimo mara moja kwenye ufizi wote wa juu, mara moja kwenye wa chini. Si kwenye ulimi wala shavu, na usiiguse kwa kidole. (Kupimwa mdomoni hakumaanishi VVU huambukizwa kwa mate.) Tumbukiza pedi hadi chini, uiache humo. Soma baada ya dakika 20, kabla ya 40 kupita.

Kwenye kidirisha cha kipimo kuna herufi C (kipimo kimefanya kazi) na T (jibu lenyewe). Mstari kwenye C pekee: kingamwili hazikuonekana. Kwenye C na T: nenda kituo cha afya ukathibitishe kwa vipimo vingine, kabla ya kuhitimisha lolote. C ikikosekana, tafuta kipimo kingine. Kosa tunaloliogopa zaidi ni mtu kuona mstari wa T uliofifia akajiambia si kitu. Hafifu pia ni mstari.

Tunakipendekeza kwa faragha yake, si kwa ukali wa macho yake. Katika majaribio yaliyofanya Marekani ikiidhinishe mwaka 2012, watu wakijipima wenyewe, kiligundua takriban asilimia 92 ya wenye VVU. Kipimo cha damu cha maabara ni bora zaidi. Usikitumie ikiwa tayari unameza ARV, kwani kinaweza kukudanganya. Kabla ya kulipa, angalia tarehe ya mwisho, na usikihifadhi panapozidi nyuzi 30.

Kama umekonda bila sababu, unahara zaidi ya mwezi, una utando mweupe mdomoni, mkanda wa jeshi au kikohozi kisichoisha, usinunue boksi. Nenda kliniki upimwe damu na kifua kikuu siku hiyo hiyo.