Kuku wa kufuga uani Arusha na Moshi: nani wa kununua kwanza

Mtu akiamua kufuga kuku kumi au ishirini uani, swali lake la kwanza huwa ni Kuroiler au Sasso, yaani mbegu mbili za kuku chotara (wa kuchanganywa damu). Mimi huuliza kwanza kuku ana umri gani na amechanjwa nini. Chotara wa siku moja anayekufa kwa baridi ya Julai pale Sakina, Arusha, ni hasara tupu, hata angekuwa wa mbegu gani. Orodha hii ni ya mwenye banda dogo, anayeshinda kazini.

1. Chotara wa mwezi mmoja. Kuroiler asili yake India, Sasso Ufaransa; chukua yeyote unayempata kwa muuzaji makini. Wiki nne ameshaota manyoya na hatari kubwa ya baridi imepita. Ameshapata pia chanjo za mwanzo: ya ugonjwa wa Mareksi alipoanguliwa, kisha za mdondo (kideri) na gumboro. Omba tarehe. Anayejibu "zote wameshapata" bila kufungua daftari, mwage.

Kisha ingia bandani. Piga makofi: wazima hukimbia wote, na anayebaki amejikunyata, mabawa chini, amekuambia habari ya banda zima. Shika wawili watatu uwageuze. Nyuma pawe pakavu, macho yasitoe machozi, kifua kisiwe mfupa mtupu. Tazama na maranda. Ukiona kinyesi chenye damu, hiyo huenda ni kokisidiosis, ugonjwa wa kuhara damu; ondoka hata ukipunguziwa bei. Kumbuka pia kwamba karibu nusu yao ni majogoo, na katika umri huu wengi wao wameanza kuonyesha upanga mwekundu kichwani. Kama unataka mayai, chagua mwenyewe, usiachie muuzaji akushikie.

2. Tetea wa kienyeji aliyekwisha kutaga. Mayai ni machache, kama 50 kwa mwaka, lakini anaatamia na kulea mwenyewe, bila taa wala mkaa. Kwa chotara hilo ni la kubahatisha, na ukitotolesha mayai yake, watoto hawatoki kama mama. Mnunue kwa mtu unayemjua, Uru, Machame au Ngaramtoni, kabla ya kufikiria gulio. Matenga ya gulioni huchanganya kuku wa vijiji vingi, na mdondo ukipiga hodi kijijini watu hukimbilia kuuza. Ukilazimika kununua kwenye gulio la Tengeru au Kiboriloni, watenge wiki mbili mbali na wenzao. Chanjo ya mdondo iitwayo I-2 ni tone moja jichoni, urudie kila miezi mitatu. Unganeni majirani, maana kichupa kimoja kinatosha kuku wengi kuliko wako.

3. Mitetea ya mayai, wiki 16 hadi 18. Atakupa mayai zaidi ya 250 kwa mwaka ukimlisha chakula kamili cha dukani. Ukimwachia makombo na majani ya mgomba, mayai yanakatika. Anamfaa mwenye wateja wa trei. Hapa pana ujanja mmoja: kuku aliyemaliza kutaga huuzwa kama kigori. Mtazame miguu. Utagaji huondoa rangi ya njano, kwa hiyo miguu iliyopauka, pamoja na manyoya yaliyonyonyoka shingoni, ni ya bibi.

4. Vifaranga wa siku moja. Bei yao inavutia. Ila wiki ya kwanza wanataka joto la nyuzi 32 hadi 35 mchana na usiku, na umeme ukikatika saa nane usiku wanarundikana na kukanyagana. Moshi mjini, kwenye joto, kazi ni nyepesi kidogo. Arusha kuanzia Juni hadi Agosti, ahirisha. Ukitumia jiko la mkaa kwenye bruda (chumba cha kulelea vifaranga kwa joto), acha hewa ipite juu, la sivyo utawaua kwa hewa chafu.

5. Broila. Huyu ni kuku wa nyama: wiki tano au sita amefikia kuchinjwa, na ni mradi wa kuuza nyama. Kwa kuku wa kuzurura uani, mruke.