Bima ya afya ya umma Ujerumani: pesa si shida, shida ni miadi

Niko kwenye bima ya umma tangu nianze kazi ghalani hapa Hamburg. Mke wangu na mwanetu wamo humohumo bila kuongezewa hata senti, na kwangu hilo peke yake linatosha kuipa nyota nne. Mwenza asiye na kipato na watoto huingia bure: unajaza fomu, unaambatisha vyeti vya ndoa na vya kuzaliwa, kadi zinaletwa kwa posta.

Makato ni asilimia 14.6 ya mshahara, nusu yako nusu ya mwajiri, halafu kila mfuko wa bima una nyongeza yake juu. Ukiona hati ya kwanza ya mshahara lazima ugune. Mimi niliacha kuguna mtoto alipolazwa kwa kifua. Hakuna aliyetudai pesa ya kuanzia, wala kututuma nje tukanunue dripu na glavu. Watoto hawachangii chochote. Mtu mzima hulipa euro 10 kwa siku ya kulazwa, mwisho siku 28 kwa mwaka. Kwenye duka la dawa unachangia euro 5 hadi 10 kwa kila dawa uliyoandikiwa, na siku hizi hakuna karatasi: mfamasia anachomeka kadi kwenye mashine, anaona daktari kaandika nini. Tunza risiti. Michango yako ikizidi asilimia 2 ya kipato cha mwaka (asilimia 1 kwa mwenye ugonjwa sugu), unaomba usamehewe kuchangia kwa mwaka uliobaki.

Sasa kero. Goti lilianza kunisumbua kwa kupanda ngazi za ghala, nikahitaji bingwa wa mifupa. Kwenye programu ya simu ya kutafutia miadi, nikichagua "bima ya umma" naletewa tarehe za baada ya miezi. Nikijaribu "bima binafsi", daktari huyohuyo ana nafasi wiki ijayo! Hapo ndipo nyota ya tano ilipoanguka.

Aliyeninusuru ni daktari wa familia, huku wanamwita Hausarzt. Jamani, mtafuteni huyu mkiwa wazima, kwa sababu zahanati nyingi hazipokei wagonjwa wapya. Mimi nilimpata kwa kwenda mwenyewe mapokezi asubuhi na mapema, maana simu zao zinaita mpaka zinakata. Alinipa barua ya rufaa yenye msimbo maalumu wa kuonyesha ni haraka, nikapiga simu 116117, huduma ya kutafutia wagonjwa miadi, na kwa rufaa ya aina hiyo wanatakiwa wakupatie miadi ndani ya wiki 4. Huchaguliwi mahali pa karibu, mimi nilipelekwa upande wa pili wa jiji, ila nilitibiwa. Mazoezi ya viungo niliyoandikiwa baadaye nilichangia euro 10 na asilimia 10 ya gharama.

Namba hiyohiyo ya 116117 ndiyo ya kupiga usiku na wikendi, na Jumatano mchana ambapo zahanati nyingi zimefungwa. 112, namba ya gari la wagonjwa, iacheni kwa mtu anayepigania roho.

Jingine la kujiandaa nalo: madaktari wa huku hawana haraka na antibayotiki. Mtoto ana homa, unaambiwa apumzike na anywe chai. Mama mkwe kule Tanga hakuelewa kabisa, aliuliza huyo ni daktari gani asiyetoa hata sindano. Ila ED, yaani cheti cha kupumzika kazini kwa ugonjwa, wanatoa bila maneno, na mwajiri anaisoma mwenyewe kwenye mfumo. Wewe kazi yako ni kumpigia bosi mapema kumwambia unaumwa. Mshahara unaendelea hadi wiki 6, kisha mfuko wa bima unashika usukani kwa kiwango cha chini kidogo.

Meno ni habari nyingine. Kuziba jino, sawa. Jino la bandia, mfuko unalipa sehemu tu, na anayeonyesha kwamba amekaguliwa meno kila mwaka anaongezewa. Miwani kwa mtu mzima mara nyingi unalipa mwenyewe.

Kuhama mfuko mmoja kwenda mwingine kunaruhusiwa baada ya miezi 12, na wakipandisha nyongeza unaweza kuondoka hata kabla. Wa kwangu unapokea simu na barua zangu wanajibu, kwa hiyo bado nipo.