Kifaa cha OBD2 (kinachosoma kompyuta ya gari) kimenisaidia kujua kwa nini gari yangu inachemsha kwenye foleni (uzoefu wangu)

Gari yangu ni ya mwaka 2002, petroli, injini ya cc 1500, na kwa miaka yote niliyokaa nayo haijawahi kunilaza njiani mpaka ilipoanza kuchemsha. Na ilikuwa inachemsha kwa staili moja tu, foleni. Ukiwa barabara kuu unatembea 80 au 90 hamna shida kabisa, mshale wa joto umetulia katikati, lakini ingia mjini saa za watu kutoka kazini, unasogea kidogo unasimama dakika tano, mshale unakaa palepale halafu ghafla unaanza kukimbilia kwenye H na harufu ya kulanti (maji ya kupoozea injini) inaingia mpaka ndani ya gari. Wenye magari ya zamani mnaijua hiyo harufu, ina utamu fulani hivi, ukiisikia tu moyo unapiga paa.

Nilienda kwa mafundi wawili. Wa kwanza alitoa themostati (kidude kinachofungua na kufunga njia ya kulanti kulingana na joto) akasema magari ya kwetu hayaihitaji, matokeo yake asubuhi injini inachukua muda mrefu kupata moto, mafuta yakaanza kwenda kwa kasi, na foleni bado ikachemsha vilevile. Wa pili alibadilisha pampu ya maji. Feni aliipima kwa kuiunganisha moja kwa moja na betri, ikazunguka vizuri tu mbele ya macho yangu, akasema feni nzima, kinachofuata ni gasketi ya silinda hedi (inayoziba kati ya injini na kichwa chake). Hapo ndo niliposema ngoja kwanza, maana kushusha hedi si kazi ya kubahatisha.

Ndipo nikanunua kile kifaa kidogo cha OBD2 cha bluetooth, kina ukubwa kama kiberiti hivi, unakichomeka kwenye soketi ya matundu 16 chini ya usukani, unaweka programu kwenye simu na unaanza kuona namba za injini zikitembea. Kabla hujanunua chungulia kwanza kama gari yako inayo hiyo soketi na kama inaongea lugha ya OBD2, maana Marekani magari yalilazimishwa kuwa nayo kuanzia 1996 na Ulaya yale ya petroli kuanzia 2001, sasa ya zamani zaidi ya hapo, au yaliyotengenezwa kwa soko lingine, unaweza kukuta soketi ipo na kifaa kisisome chochote. Pia wenye iPhone muwe makini, vingi vya bluetooth ya kawaida havishiki kule, tafuteni cha wifi au kile kilichoandikwa kinakubali iPhone. Cha kwangu cha kwanza kilikuwa kopi mbovu, kinaunganika dakika mbili kinakata, nikakirudisha nikachukua kingine, hiki cha pili ndo nakizungumzia.

Kitu cha kwanza nilichojifunza ni kwamba ule mshale wa dashibodi nilikuwa nauamini bure. Kwenye gari yangu simu ikisoma nyuzi 84 mshale uko katikati, ikisoma 103 mshale uko palepale katikati haujatikisika hata kidogo. Magari mengi yametengenezwa hivyo makusudi ili dereva asipate wasiwasi kila joto likicheza kidogo, lakini maana yake ni kwamba ukiuona mshale unapanda ujue umeshachelewa, joto limekuwa likipanda muda mrefu nyuma yako na wewe unasikiliza redio.

Basi nikarudisha themostati mpya kwanza (usipime gari isiyo na themostati, namba zitakuchanganya), nikajaza kulanti vizuri mpaka hewa ikatoka yote, nikaingia nayo foleni makusudi simu ikiwa mbele yangu. Barabara inayotembea namba ilikuwa 88, 89, 90, imetulia. Nikasimama. 93. 95. 97. Nikategemea nisikie feni inaingia, kimya. 100. 102. Nikazima redio nikashusha kioo ili nisikie vizuri, kimya kabisa, injini tu inaunguruma. Ilipofika 104 nikawasha AC, hapo nikasikia feni moja inaingia, na namba haikushuka sana lakini iliacha kupanda. Gari za mbele zikasogea, nikatembea kama mita mia tatu hivi, namba ikaanza kushuka yenyewe mpaka 92.

Jamani hapo picha nzima ikakaa sawa kichwani. Gari ikitembea upepo wa barabarani ndo unapooza rejeta (pale kulanti inapopoteza joto lake), feni haina kazi kubwa. Ikisimama, upepo pekee uliobaki ni wa feni. Kwa hiyo gari inayochemsha ikiwa imesimama na kupoa ikitembea, mtu wa kwanza kumshika ni feni na vitu vyake, yaani fyuzi, rilei (swichi ya umeme inayowasha feni), waya, senso, mota yenyewe, au uchafu uliojaa kwenye mapezi ya rejeta kwa nje. Ingekuwa rejeta imeziba ndani au themostati haifunguki, ingenisumbua zaidi kwenye mwendo mkali na mlima, kule injini inakofanya kazi nzito. Na gari yangu ina feni mbili, moja ya rejeta na moja ya AC, ile ya AC ndo niliyoisikia. Ya rejeta ilikuwa imelala.

Lakini fundi si alishaipima? Alishaipima, ila aliipima asubuhi injini ya baridi. Nikarudi kwake tukaiacha gari inaunguruma imesimama mpaka simu ikasoma 101, tukazibadilisha nafasi rilei mbili za feni maana zinafanana, bado ya rejeta kimya. Akapima umeme kwenye plagi ya feni, umeme unafika, volti 13 na ushee. Basi akachukua mpini wa bisibisi akaigonga mota taratibu mgongoni, tap tap, feni ikashtuka ikaanza kuzunguka. Kaboni za ndani ya mota (vipande vinavyopitisha umeme kwenye sehemu inayozunguka) zimeisha, ikiwa ya baridi inagusa inazunguka, ikipata moto inagoma. Tulibaki tunaangaliana. Ukifanya hivi kaa mbali na mapanga ya feni, maana inaweza kuwaka muda wowote, na mfuniko wa rejeta usiuguse kabisa injini ikiwa ya moto, maji yale yana presha yatakuunguza uso.

Sasa kuhusu kifaa chenyewe niseme ukweli. Hakikuniambia "feni imekufa". Nilisoma makosa yaliyohifadhiwa kwenye kompyuta ya gari, hakukuwa na hata kosa moja, kwa sababu kompyuta ilikuwa inatuma amri vizuri tu na haina habari kama mota imezunguka. Kwa hiyo mtu akikuambia gari imepimwa kwa mashine na haina tatizo, muulize joto lilikuwa ngapi ikiwa imesimama dakika kumi. Pili, namba inatoka kwenye senso ya gari, sasa maji yakipungua sana mpaka senso ikabaki kwenye hewa, inaweza kukusomea joto dogo huku injini inaungua, hivyo kuangalia kiwango cha kulanti asubuhi kuko palepale. Tatu, usikiache kimechomekwa gari ikikaa siku nyingi, kinanyonya betri kidogo kidogo.

Kitu kingine kimoja nilichokipima kwa namba ni ile mbinu ya kuwasha hita. Siku moja kabla ya kupata mota, nikakwama tena, 105, nikafungua vioo vyote nikaweka hita ya moto mwisho na feni ya ndani mwisho. Ndani palikuwa tanuru, lakini namba ilishuka mpaka 99 kwa dakika chache nikafanikiwa kutoka kwenye foleni bila kuua hedi. Ile hita nayo ni karejeta kadogo, inachukua joto la injini na kulimwaga kwako.

Nimefunga mota mpya, na mapezi ya rejeta nikayaosha kwa maji ya taratibu kutokea upande wa injini, yakatoka manyoya, majani na wadudu sikuamini. Tangu hapo kwenye foleni simu inapanda mpaka 97, nasikia feni inaingia vuuu, inashuka mpaka 92, feni inakata, inapanda tena. Jana nimekaa foleni dakika arobaini, AC imewashwa, haikuvuka 98 hata mara moja. Kilichobaki ni mfuniko wa rejeta, ule mpira wake umeshakakamaa, wiki hii naubadilisha.