Programu za mihtasari ya vitabu: ipi inamfaa anayetaka kuwa msomaji

Kwa siku 41 mfululizo nilisikiliza muhtasari mmoja kila asubuhi huku nikipiga pasi. Siku iliyofuata rafiki yangu akaniuliza kitabu kimojawapo kinasema nini kuhusu kuacha tabia mbaya. Nilikumbuka jalada lake la njano, nikakumbuka hata sauti ya aliyekisoma. Hoja yenyewe haikuja. Tangu hapo nazipima programu hizi kwa swali moja tu: je, imenifikisha kwenye ukurasa wa kwanza wa kitabu chenyewe?

Wingi wa mihtasari, ambao ndio hupigiwa debe kwenye matangazo, nauhesabu kuwa jambo dogo. Hakuna anayemaliza maelfu. Mazoea ya kusoma yanajengwa na wakati maalumu wa siku, kitu kimoja cha kusoma wakati huo, na njia fupi ya kutoka kwenye muhtasari kwenda kitabuni. Kwa mizani hiyo nimezipanga hivi.

Ya kwanza ni Shortform. Kila mwongozo wake wa kitabu huanza na ukurasa mmoja wa muhtasari. Ukitaka zaidi unaingia ndani, sehemu baada ya sehemu, na mingine huchukua saa nzima au kupita. Kinachonifanya niipende ni maelezo yanayopachikwa katikati ya hoja. Unasoma dai la mwandishi, mara unasimamishwa na kuambiwa kwamba mwandishi mwingine analipinga, au kwamba ushahidi wake ni hafifu. Hapo lazima uchague upande, na kuchagua upande ndiko kusoma kwenyewe. Mwishoni mwa sehemu nyingi kuna mazoezi ya kujibu kwa maneno yako. Yajibu kwa kalamu na daftari, utaona tofauti. Aliyezoea kukaa nusu saa na maandishi ya namna hii hashtuki akipewa kitabu cha kurasa 300. Upungufu wake ni kwamba vitabu vyake ni vichache ukilinganisha na wenzake, na Kiingereza chake kinadai utulivu.

Ya pili ni Blinkist, iliyoanzishwa Berlin mwaka 2012 na kununuliwa na Go1, kampuni ya Australia, mwaka 2023. Kitabu kinakatwa vipande vifupi, kila kimoja wazo moja, na vyote huisha kwa takriban dakika 15, kwa kusoma au kusikiliza. Hii ni bora kuliko zote kwa kazi ya kuchagua kitabu. Una orodha ya vitabu vitano unavyovitamani? Sikiliza mihtasari yote mitano ndani ya wiki, kisha nunua au azima kimoja. Kuna pia muhtasari mmoja wa bure kila siku, ingawa huchagui wewe. Ila ukiifanya ndiyo chakula chako cha kila siku, vitabu vyote vitaanza kufanana, kwa kuwa visa, mifano na mashaka ya mwandishi vimeondolewa na kubaki hitimisho tu.

Ya tatu, Headway, ilizaliwa Ukraine mwaka 2019. Inamfaa ambaye hata dakika kumi zinamponyoka. Inakuwekea lengo la siku, inahesabu mfululizo wako wa siku ulizosoma bila kuruka, inakukumbusha, na inakurudishia mawazo uliyoyahifadhi kwa kadi ndogo ili yasisahaulike. Kadi hizo ni za thamani kweli. Tahadhari iko kwenye mfululizo: ukijikuta unafungua muhtasari saa tano na nusu usiku ili tu tarakimu isirudi sifuri, zima arifa kwa wiki moja.

getAbstract, ya Uswisi tangu 1999, imejikita zaidi kwenye biashara na uongozi. Ina kurasa chache zilizoandikwa vizuri, na kitabu hupewa alama. Waajiri wengi huwalipia wafanyakazi wao, kwa hiyo uliza ofisini kabla hujatoa fedha yako.

Riwaya usiitafutie muhtasari popote. Utamu wake uko kwenye sentensi, na muhtasari unakuachia mifupa.

Sasa malipo, maana hapa ndipo watu wengi huumia. Siku za majaribio ya bure zikiisha, makato huanza yenyewe, mara nyingi ya mwaka mzima kwa mkupuo. Programu moja ilinikata hivyo baada ya mimi kuifuta kwenye simu nikidhani nimemalizana nayo. Kufuta programu hakusitishi malipo. Kwenye iPhone nenda kwenye mipangilio, gusa jina lako, kisha sehemu ya usajili. Kwenye Android fungua Play Store, gusa picha yako, utaikuta chini ya malipo na usajili. Ukiwa ulilipia kwenye tovuti ya kampuni, sitisha huko huko. Apple inataka usitishe angalau saa 24 kabla majaribio hayajaisha, basi weka kengele siku mbili kabla.

Na kabla ya kulipa chochote, jaribu kusoma wiki mbili bila malipo. Project Gutenberg ina zaidi ya vitabu 70,000 ambavyo haki zake zimekwisha, na LibriVox ina vya kusikiliza, vilivyosomwa na watu wa kujitolea. Ukiwa na kadi ya maktaba inayoshirikiana na programu ya Libby, programu hiyo inakuazimisha vitabu vipya. Kama wiki hizo mbili umeweza kuulinda wakati wako wa kusoma, nunua mwezi mmoja wa programu uliyoichagua, usinunue mwaka. Kila muhtasari utakaokugusa, pakua siku hiyo hiyo sampuli ya bure ya kitabu chake kutoka duka la vitabu vya kielektroniki. Mwezi ukiisha, zihesabu sampuli ulizozifungua. Ikiwa hukufungua hata moja, usilipie mwezi wa pili.