Tathmini ya mafunzo ya kuandaa mtaala wa ukunga, jijini Mbeya

Mafunzo haya mafupi, yaliyoandaliwa jijini Mbeya kwa ajili ya wakufunzi wa ukunga wa Nyanda za Juu Kusini, yanamfaa sana mkufunzi ambaye amezoea kupokea mtaala na kuufundisha kama ulivyo. Ubora wake uko mahali yanapoanzia: kabla ya kuandika jina la somo lolote, washiriki hueleza kwa maandishi kazi za mkunga aliye peke yake zamu ya usiku katika zahanati ya Makete au Ludewa, tangu anapompokea mama hadi kondo la nyuma litoke na hali ya mama itulie, ndipo kila kazi itafutiwe maarifa, stadi na muda wake.

Zoezi la kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua lilistahili muda wote liliopewa. Mwezeshaji hakukubali sentensi isemayo kwamba mwanafunzi "ataelewa namna ya kuzuia damu". Alitaka umahiri huo uchambuliwe: kuhakikisha hakuna mtoto wa pili, kuchoma oksitosini, dawa ya kukaza mfuko wa uzazi, yuniti 10, kupapasa mfuko wa uzazi kuona kama umekaza, kukadiria damu iliyopotea, kuita msaada mapema, na kutunza dawa yenyewe katika nyuzijoto 2 hadi 8 hata umeme unapokatika.

Makabrasha yanahitaji kuhuishwa. Yanaonyesha uchungu uliokolea kuanzia mlango wa kizazi unapofunguka sentimita 4, ilhali Shirika la Afya Duniani lilipendekeza sentimita 5 tangu 2018. Utunzaji wa joto la mtoto mchanga nao umepitiwa juujuu, na kwa baridi yetu ya Juni na Julai hilo si jambo dogo.

Upungufu mkubwa zaidi uko kwenye vitendo. Viwango vya Shirikisho la Kimataifa la Wakunga vinataka angalau nusu ya mafunzo iwe vitendo, na tulifundishwa vizuri kukokotoa saa hizo. Lakini ratiba yaweza kujaa saa za wodini huku wanafunzi wanane wakimzunguka mama mmoja, ambaye faragha yake imepotea, na anayezalisha akiwa mmoja tu. Mtaala unapaswa kutaja ni wajawazito wangapi kila mwanafunzi atawazalisha kwa mikono yake, chini ya usimamizi.

Ninayapendekeza mafunzo haya, kwa sharti kwamba chuo kimpeleke mkufunzi pamoja na muuguzi kiongozi wa wodi ya wazazi ambako wanafunzi wake hujifunzia, kwa kuwa yeye ndiye anayejua wodi hiyo inaweza kupokea wanafunzi wangapi kwa zamu.