Ununue nini ili pikapu yako ya dizeli ivute hewa vizuri: mwongozo kwa madereva wa Arusha na Moshi

Pikapu ikianza kutoa moshi mweusi na kuchoka mlimani, kuna ushauri unaotolewa haraka sana: ng'oa boksi la filta, funga filta ya wazi, gari ipumue. Kwa barabara zetu, huo ni ushauri wa kuua injini.

Arusha mjini ni takribani mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi kwa karibu 13% kuliko ya Tanga au Dar. Injini isiyo na turbo (feni inayoshindilia hewa kwenye injini), kama 1HZ ya Land Cruiser au 5L ya Hilux ya zamani, inavuta hewa pungufu huku pampu ikisukuma dizeli ileile, na ile isiyoungua yote inatoka kama moshi. Hakuna filta inayoweza kukurudishia hiyo 13%. Ukiweka filta mpya na moshi ukabaki, mpelekee fundi pampu. Wenye turbo wana nafuu, maana turbo hufidia sehemu kubwa ya upungufu huo.

Kwa hiyo nazipanga bidhaa kwa kigezo kimoja: inazuia vumbi kiasi gani bila kuibana hewa?

1. Filta ya karatasi iliyo bora. Hii ndiyo ya kwanza, na sioni mshindani wake. Vumbi la Simanjiro, Longido na njia ya Natron lina chembe za mchanga laini kama unga, zinazokwangua slivu na ringi (kuta za silinda na pete za pistoni) hadi gari inaanza kula oili. Nunua orijino au ya kampuni inayoaminika, na uikague kabla hujalipa. Bonyeza mpira wa ukingoni: uwe laini na urudi wenyewe. Mikunjo ya karatasi ikae sawa, isilaliane, na gundi isiwe na mapengo. Feki nyingi hukosea kwenye ule mpira, na filta isiyokaa sawasawa inapitisha vumbi pembeni hata karatasi yake ikiwa nzuri.

Boksi nalo likaguliwe. Klipu zibane, na kile kimpira cha chini cha kutolea vumbi kiwepo na kisiwe kimepasuka. Mara nyingi ukiangalia hukikuti. Kisha futa ndani ya bomba, upande wa baada ya filta, kwa kitambaa cheupe. Kikitoka na vumbi, kuna mahali panavuja, na hiyo ni kazi ya leo, si ya wikiendi.

Usiifungue filta kila jioni kuipuliza. Filta yenye vumbi kidogo huchuja vizuri zaidi kuliko mpya, na kila ukiifungua unahatarisha kuangushia uchafu upande safi. Ukilazimika, puliza toka ndani kwenda nje kwa upepo mdogo. Kompresa ya gereji ikiachiwa kwa nguvu zote hutoboa karatasi, na tundu lenyewe hutaliona kwa macho.

2. Mabomba ya mpira na klipu zake. Haya ni ya bei ndogo, lakini watu huyasahau. Ufa kati ya filta na turbo unaingiza vumbi moja kwa moja kwenye mapanga ya turbo. Ufa baada ya turbo unavujisha hewa iliyokwisha kushindiliwa: nguvu zinapungua, moshi unaongezeka.

3. Kisafishaji cha awali. Ni kile kichwa cha duara kinachowekwa juu ya snokeli (bomba la kuvutia hewa linalopanda hadi usawa wa paa), kinachozungusha hewa na kutupa chembe nzito nje kabla hazijafika kwenye filta. Kama unafuata malori Mererani kila siku, au shamba lako liko nyuma ya Lolkisale, kinunue bila kusita. Anayezunguka lami ya Moshi hadi Marangu hakihitaji.

4. Snokeli. Inavuta hewa ya juu, penye vumbi pungufu kuliko kwenye usawa wa tairi. Nyingine viungo vyake havijazibwa kabisa, kwa hiyo usiitegemee kuvuka korongo lenye maji mpaka fundi ahakikishe kila kiungo kimezibwa.

5. Filta ya kitambaa yenye oili. Inafuliwa na kutumika tena, ndiyo mvuto wake. Hupitisha hewa kirahisi, na vumbi laini pia. Ukizidisha oili, inaweza kuchafua sensa ya kupimia hewa iliyopo kwenye dizeli nyingi za kisasa. Mimi singeifunga.

6. Koni ya wazi, yaani ile filta ya wazi isiyo na boksi. Inavuta hewa ya moto toka kwenye boneti, na hewa ya moto ni nyepesi zaidi. Sauti itabadilika, nguvu hutaziona. Kama umenunua pikapu iliyotumika ukaikuta nayo, tafuta boksi lake la asili kwenye maduka ya spea zilizotumika kabla hujaitoa nje ya lami, na umwambie fundi aangalie mapanga ya turbo siku hiyohiyo anapolifunga.