Kibodi ya kuchapia gizani: nilipaswa kuanza na kofia za vitufe

Nachapa TFC na memwari za wanafunzi, yaani kazi zao za kumaliza masomo, hapa Lubumbashi, upande wa Kasapa, na kazi yangu nyingi huja jioni. Mwanafunzi anatoka kwa mwalimu wake na karatasi zimejaa wino mwekundu, anataka nakala safi kesho asubuhi, na mara umeme unakatika. Laptopu ina betri, skrini inawaka, ila vitufe havionekani. Herufi za kawaida vidole vyangu vinazijua. Zinazonisumbua ni za pembeni: mabano ya mraba, asilimia, ù, mkwaju wa kinyume (\). Kwenye memwari ya takwimu hizo ndizo zinazojaa ukurasa mzima.

Kwa hiyo mwaka jana niliamua kuunda kibodi yangu mwenyewe, ya mekaniki, yenye taa chini ya kila kitufe. Huku tunaiita klaviye, na klaviye yetu ni ya Kifaransa, AZERTY. Hilo moja tu linabadilisha hesabu yote, na ushauri mwingi niliousoma kabla ya kununua ulikuwa umeandikwa kwa watu wa kibodi ya Kimarekani.

Nilianza na swichi, kile kifaa kinachobonyezwa chini ya kila kofia, kama wengi wanavyofanya. Wiki tatu nzima nilikuwa nalinganisha swichi za kampuni za Cherry, Gateron na Kailh, gramu kwa gramu za uzito wa kubonyeza. Kofia za vitufe nikaziacha mwisho, nikachagua seti iliyonipendeza macho: plastiki nene ya PBT, rangi ya maziwa, herufi nyeusi, AZERTY kamili. Nikaipata kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni kwa dola 30. Mzigo ulipofika nikazivalisha zote, nikazima balbu ya chumba, nikawasha taa za kibodi. Mwanga ulitoka kandokando ya kila kitufe, ukachora miraba mizuri, na ndani ya kila mraba pakabaki peusi. Sikuona herufi hata moja.

Kosa lilikuwa langu. Kofia zile zilichapwa kwa wino unaopikwa kwa joto hadi uzame ndani ya plastiki. Wino wa namna hiyo haufutiki kirahisi, lakini plastiki yenyewe haipitishi mwanga. Mtu anayetaka kusoma herufi gizani anahitaji kofia zilizomiminwa kwa plastiki mbili: ya nje yenye rangi, na ya ndani inayopitisha mwanga, ambayo ndiyo herufi yenyewe. Herufi hiyo haifutiki, kwa sababu haijapakwa juu. Zipo pia kofia zilizopakwa rangi nyeusi kisha herufi ikachongwa kwa leza. Bei yake ni nafuu zaidi, ila kwa mtu anayechapa kutwa nzima rangi hulika, na herufi hupoteza umbo lake. Halafu kuna plastiki ya ABS na ya PBT. ABS inaanza kung'aa kwa mafuta ya vidole baada ya muda, PBT inavumilia zaidi. Nilichukua PBT ya plastiki mbili kwa dola 34, na hapo ndipo kibodi yangu ikawa kibodi.

Kuzipata kwa AZERTY ni shughuli. Seti nyingi zina vitufe 104, za umbo la Kimarekani: Enter ya kulala, Shift ya kushoto ndefu. Sisi tunatumia umbo la ISO, Enter imesimama kama kiatu cha mpira, na kando ya Shift fupi kuna kitufe cha < na >. Kompyuta yenyewe haijali kofia imeandikwa nini. Kibodi hutuma nafasi ya kitufe tu, na ni mpangilio uliouchagua kwenye kompyuta unaoamua kama itokee Q au A. Lakini kitufe ambacho bodi, ule ubao wa umeme wa kibodi, haina, hakuna mpangilio utakaokiumba. Kwa hiyo kabla ya kulipa, hesabu, na uitazame picha ya Enter.

Kuna jambo jingine ambalo watu wa AZERTY tunalijua mikononi: safu ya juu haitoi tarakimu mpaka ubonyeze Shift. Ukibonyeza peke yake inatoa é, è, ç, à na ndugu zao. Mtu anayechapa majedwali hawezi kuishi hivyo. Zile kibodi fupi nzuri zilizokatwa upande wa kulia, mimi nazikataa kabisa. Nilichukua umbo lililobanwa, karibu vitufe 100, ambalo tarakimu za kulia zimebaki lakini nafasi ya mezani imepungua.

Turudi kwenye mwanga, maana huko ndiko nilikojifunza mengi. Taa ya LED haikai katikati ya swichi, inakaa upande mmoja. Kwenye bodi nyingine iko upande wa skrini, kwenye nyingine iko upande wa tumbo la mchapaji. Herufi huandikwa sehemu ya juu ya kofia, kwa hiyo taa iliyo upande wa skrini inaipiga moja kwa moja. Ya upande wa tumbo inafaa kwa anayetaka urembo wa mwanga pembeni. Nilichagua ya kwanza. Hata hivyo AZERTY ina alama ya tatu, inayotoka ukishika kitufe cha AltGr, chini kulia: @ juu ya à, € juu ya E. Hizo zinawaka hafifu, kama jiko la makaa linalokaribia kuzima. Naziona, ila lazima niiname kidogo. Swichi zenye kifuniko kisicho na rangi zinasaidia kusambaza mwanga, nyeusi zinaumeza.

Swichi zenyewe? Nilimaliza na Kailh Box Brown. Mguu wake wenye msalaba umezungushiwa kisanduku, na mahali pa kugusana pamefichwa ndani. Mwenye kujua vumbi jekundu la Lubumbashi kati ya Mei na Septemba ataelewa kwa nini. Inashuka milimita 3.6, ile ya Cherry ya kawaida 4, na katikati unasikia kidonge kidogo kidoleni bila mlio. Za mlio nilizijaribu kwa rafiki, lakini mteja akinisomea sentensi nataka nimsikie. Bodi yangu ni ya kuchomeka, hailehemiwi. Swichi moja ikifa naichomoa na kibano, naweka nyingine, kazi inaendelea.

Nilitamani sana bamba la ndani, lile linaloshika swichi, liwe la shaba na zinki. Mtu wa hapa ana haki ya kutamani: shaba ni yetu, na zinki inatoka Kipushi, karibu tu. Lakini mzigo wa ndege unalipiwa kwa kilo. Nikachukua bamba la polikaboneti, aina ya plastiki, jepesi, na kwa bahati linapitisha mwanga.

Betri sasa. Mlango wa kawaida wa USB 2.0 unatoa miliampia 500 mwisho, na zote zinatoka kwenye laptopu yako. Mwanga mweupe wa taa hizi ni nyekundu, kijani na buluu zikiwaka pamoja. Usiku naweka nyekundu peke yake, kwa theluthi ya nguvu. Herufi zinasomeka, macho hayachoki, betri inakwenda mbali zaidi.

Kilichonifurahisha kuliko nilivyotarajia ni programu ya VIA, ya kupanga upya kazi za vitufe. Walimu wanadai alama za kunukuu za Kifaransa, « na », na É kubwa mwanzoni mwa sentensi. Zamani nilikuwa nashika Alt na kupiga 0171, 0187, 0201, mara mia kwa siku. Sasa vitufe vitatu vinapiga namba hizo vyenyewe, na nimevipa rangi ya kijani ili nisivikose.

Juzi mwanafunzi mmoja aliketi karibu nami, giza tupu, akawa anatazama mikono yangu tu. «Yaya, hii klaviye inawaka vile, uliinunua wapi?» Nikamwambia ilikuja vipande vipande. Jumla, pamoja na usafiri na zile dola 30 za kofia zisizowaka, ni dola 187. Kofia zile sijazitupa. Naagiza bodi ya pili, isiyo na taa, kwa mdogo wangu anayechapa mchana karibu na dirisha, na zitamfaa.